Tuonyesheni mazoezi, makofi tumeshayasikia

Wiki iliyopita nilikaa hadi usiku mwingi nikitazama dokumentari kuhusu tamthilia ya muziki ambayo imejaza kumbi kwa miaka, na mpaka inakwisha sikuona mtu hata mmoja akifanya kazi. Niliona watu wakikumbatiana. Niliona mtayarishaji kwenye kiti kizuri, taa zimempendeza, akieleza kwamba tangu siku ya kwanza alijua kazi hii itakuwa kubwa. Niliona machozi ya furaha usiku wa ufunguzi. Wimbo ule ambao kila mtu anauimba ulitungwaje? Ubeti gani ulitupwa? Nani aliondolewa katikati ya mazoezi, na kwa nini? Kimya. Ni video ya harusi ile: keki ipo, mashangazi wanacheza, na kamati iliyogombana miezi mitatu haimo hata sekunde moja.

Imeniudhi kwa sababu najua filamu za aina hii zinaweza kuwa nini.

Anayependa jukwaa aitafute ile ya mtengeneza dokumentari D. A. Pennebaker ya mwaka 1970, kuhusu kurekodiwa kwa nyimbo za tamthilia ya muziki iitwayo Company. Onyesho lilikuwa limefunguliwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maonyesho za New York, mwishoni mwa Aprili, na mapema Mei waigizaji wakaingia studio New York kurekodi santuri. Kazi yote ilitakiwa imalizike kwa kikao kimoja, kwa hiyo wakaanza mchana, ikaingia jioni, ikapita usiku wa manane, wakakaribia alfajiri. Pennebaker yumo chumbani na kamera zake. Stephen Sondheim, aliyetunga nyimbo, anamsimamisha mwimbaji kwa ajili ya silabi moja. Anamsimamisha tena kwa ajili ya noti moja. Waimbaji wanavuta sigara, wanavua viatu, wanarudi kwenye maikrofoni.

Halafu inafika zamu ya Elaine Stritch, mmoja wa waigizaji. Wimbo wake, "The Ladies Who Lunch", umeachwa mwisho, wakati watu wote wamechoka na sauti yake imekwisha. Anaimba, hautoki. Anarudia, hautoki. Nyuma ya kioo Sondheim na Thomas Z. Shepard, aliyesimamia kurekodi, wanasikiliza na nyuso zao hazifichi kitu. Wanamsikilizisha alichorekodi na anaanza kuifokea sauti yake mwenyewe, kwa hasira ya fundi anayejua kazi yake inavyotakiwa kuwa na ameona haijafika hapo. Mwishowe wanarekodi okestra bila yeye, anaruhusiwa kwenda kulala. Siku chache baadaye anarudi, amepumzika, amejipamba, na anauimba wimbo ule mpaka unahisi studio nzima imesimama wima.

Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi kuliko filamu yoyote ya mapigano. Ndani yake hakuna siri wala kashfa. Mtu mzima, mzoefu, anashindwa na kitu anachokiweza, mbele ya wenzake, saa za usiku ambazo hata hasira inachoka, na hakuna anayejua kama kitatoka. Huko kutojua ndiko ninakokutaka. Mtayarishaji wa kwenye kiti kizuri hawezi kunipa, kwa sababu yeye anaongea baada ya hesabu za tiketi kuingia. Kila alichokifanya sasa kinaonekana kilikuwa na akili. Ugomvi umegeuka kuwa maono, na woga umeitwa imani. Kijana anayetaka kutunga au kuimba akimsikiliza huyo atadhani kazi nzuri huzaliwa ikiwa imeshavaa nguo, kisha siku wimbo wake ukikataa kutoka atahitimisha kwamba yeye hana kipaji. Huo ni ukatili, na unafanywa kwa taa nzuri na kinanda laini nyuma.

Filamu ya Pennebaker ilikusudiwa iwe ya kwanza katika mfululizo wa vipindi vya namna hiyo. Ya pili haikutengenezwa. Naumia kila nikilikumbuka hilo.

Every Little Step ya mwaka 2008 nayo ina mahali pake moyoni mwangu. Inafuata usaili wa A Chorus Line iliporudishwa Broadway mwaka 2006, na tamthilia yenyewe tayari ni habari ya usaili, iliyotokana na mazungumzo ya wachezaji dansi ambayo Michael Bennett, mwongozaji wake, aliyarekodi kwenye kanda mwaka 1974. (Wachezaji wale walisaini kuziachia hadithi za maisha yao kwa dola 1. Baadaye walipangiwa sehemu ya mapato, sawa, lakini karatasi waliyoisaini ilisema dola 1.) Jason Tam, mmoja wa wanaosailiwa, anasoma maneno ya mhusika Paul na wasaili waliokaa mezani wanafuta machozi. Ila anayenikaa kichwani ni Rachelle Rak. Anaambiwa afanye kama alivyofanya kiangazi kilichopita, miezi imepita, na yeye hakumbuki alifanya nini. Nafasi anapewa mwingine. Filamu ingeweza kumkata, kwa kuwa hakuwamo katika onyesho lililofanikiwa. Haikumkata, na kwa sababu yake tunaelewa waliopata walipata nini.

Sawa, nikubali kidogo. Hamilton's America ya mwaka 2016, kuhusu tamthilia ya muziki Hamilton, ina viongozi wengi mno wa kisiasa wanaoisifu kazi, marais wawili wakiwamo, na sioni walichoongeza. Lakini Alex Horwitz alianza kupiga picha kabla onyesho halijafunguliwa, na tunamwona mtunzi wake, Lin-Manuel Miranda, akiandika ndani ya chumba alichowahi kulala Aaron Burr mwenyewe, yule aliyemuua Hamilton. Dakika hizo ni za kweli.

Na ipo Voices of Sarafina! ya Nigel Noble, ya mwaka 1988. Wengi wetu huku tumekua na Sarafina ya sinema, ile ya mwaka 1992, tukiimba bila kujua Kizulu. Wachache wanajua kwamba kabla yake lilikuwapo kundi la vijana wa mtunzi wake, Mbongeni Ngema, waliolifungua onyesho Market Theatre, Johannesburg, mwaka 1987, wakalipeleka mpaka Broadway huku nchi yao ingali chini ya ubaguzi. Noble anawapa nafasi waseme wenyewe walikotoka na walichokiacha nyumbani. Wanakutana na Miriam Makeba, ambaye bado alikuwa uhamishoni. Hapo sitaki kuambiwa habari za mauzo.

Najua jibu la wenye fedha: nani atalipia kamera kwa kitu ambacho huenda kikafa? Basi waitazame ile aliyoitengeneza Lonny Price mwaka 2016 kuhusu tamthilia ya muziki Merrily We Roll Along. Mwaka 1981 kituo cha televisheni cha ABC kilipiga picha maandalizi ya onyesho hilo, waigizaji vijana, Price mwenyewe akiwamo, wakifanya kazi na Sondheim na mwongozaji Harold Prince. Likafunguliwa, likakataliwa, likafungwa baada ya maonyesho 16, na kipindi kikaachwa. Picha zilikaa miongo zikidhaniwa zimepotea, mpaka Price akazipata. Onyesho lenyewe likarudi Broadway mwaka 2023, na mwaka uliofuata likatwaa Tony, tuzo kubwa ya Broadway, ya tamthilia za muziki zilizofufuliwa.

Kwa hiyo nawaomba wanaotengeneza maigizo ya nyimbo hapa kwetu, Bagamoyo, Nairobi, popote. Mpigapicha mnamkodi kwa usiku wa mgeni rasmi. Mkodini wiki tatu kabla, siku ambayo mwimbaji hajapona kikohozi na ngoma haijakubaliana na kinanda, na mwambieni asizime.