Kivinjari cha beta ndani ya Ubuntu ya miaka mitatu

Aprili 24, 2008, kampuni ya Canonical ilitoa toleo la 8.04 la Ubuntu, mfumo wake endeshi wa kompyuta. Lilikuwa toleo la msaada wa muda mrefu: miaka 3 kwa kompyuta za mezani, 5 kwa seva. Kivinjari kilichokuja nalo kilikuwa Firefox 3 Beta 5. Mfumo ulionadiwa kwa uthabiti ukabeba programu ambayo Mozilla, watengenezaji wa Firefox, wenyewe walikuwa bado wanaijaribu, na wengi waliopandisha toleo walikasirika kukuta viendelezi vyao, yaani programu ndogo za kukiongezea kivinjari uwezo, vimezimwa.

Hasira hiyo ilieleweka. Hata hivyo, tazama kalenda. Mozilla iliacha kuihudumia Firefox 2 Desemba 2008, ilhali Ubuntu 8.04 ya mezani ingeendelea hadi 2011. Kubaki na Firefox 2 kungewalazimu Canonical kuchukua viraka vya usalama vilivyoandikwa kwa injini mpya ya Firefox 3, Gecko 1.9, ambayo ndiyo huonyesha kurasa, na kuvichonga upya vikae kwenye injini ya zamani, kwa zaidi ya miaka miwili. Na kivinjari ndicho kinachopokea kila takataka ya intaneti. Kuanza na 2 kisha kuhamia 3 katikati ya safari nako kungevunja ahadi yenyewe ya uthabiti. Kutoka beta hadi toleo kamili ni hatua ndogo zaidi.

Isitoshe, sehemu ya uharibifu ilikuwa ya makaratasi tu. Wakati huo kila kiendelezi kilitaja toleo la juu kabisa la Firefox kinachoafikiana nalo. Mwandishi akiwa ameandika 2.0, Firefox 3 ilikizima bila hata kukijaribu. Waliojua kubadili mpangilio wa extensions.checkCompatibility waliviwasha kwa nguvu, na baadhi vikafanya kazi vizuri tu. Vingine vilivunjika kweli: alamisho na historia zilikuwa zimehamia kwenye hifadhidata ya SQLite, hivyo kiendelezi kilichozoea faili la zamani kilikosa cha kusoma. Waandishi wengi, ambao ni watu wa kujitolea, hawakuona sababu ya kukimbizana na beta inayobadilika kila mara. Siwalaumu.

Kwangu mimi, Canonical walichagua toleo sahihi wakakosea namna ya kulifikisha. Anayesakinisha upya hana kiendelezi cha kupoteza. Anayepandisha toleo anavyo, pengine kazi yake yote inavitegemea. Firefox 2 ilikuwamo kwenye hazina ya vifurushi, ghala la programu za Ubuntu, lakini ilikupasa ujue ipo na uifuate mwenyewe. Swali moja tu wakati wa kupandisha lingetosha.

Firefox 3.0 kamili ilitoka Juni 17, na Ubuntu 8.04.1 ya Julai ikaja nayo. Kufuli hilo la namba za toleo kwenye viendelezi lilidumu zaidi: ni Firefox 10 tu, mwaka 2012, iliyoanza kuvichukulia viendelezi vingi kuwa vinaafikiana hadi ithibitike vinginevyo.