Kabla Hujahama Mpango wa Maili, Tazama Tiketi Zako Zijazo

Mpango wa maili ni ule ambao shirika la ndege humpa abiria wake pointi, ziitwazo maili, ambazo baadaye huzitumia kupata tiketi. Msafiri wa kikazi akianza kuwaza kuhama mpango mmoja kwenda mwingine, kitu cha kwanza anachofungua ni salio lake. Anaona maili zilizokusanywa kwa miaka, anaona kadi ya dhahabu ya mwanachama wa daraja la juu, na moyo unasita. Kwa maoni yangu, katika uamuzi huu hakuna kitu chenye uzito mdogo kuliko salio hilo. Maili ulizokwisha kupata hazifutwi siku unayoacha kuziongeza, ingawa baadhi ya mipango huzifuta akaunti ikikaa muda mrefu bila kutumika. Zitabaki palepale hadi uzitumie au muda wake uishe. Kinachoamuliwa ni kimoja tu: safari zijazo ziandikwe wapi?

Kuna jambo ambalo hata wasafiri wazoefu hulipita: kuhama mpango si lazima kuwe kuhama ndege. Mashirika mengi makubwa yamo katika moja ya miungano mitatu ya mashirika yanayotambua wanachama wa mwenzake, yaani Star Alliance iliyoanzishwa mwaka 1997, Oneworld ya mwaka 1999 na SkyTeam ya mwaka 2000. Ndani ya muungano mmoja unaweza kupanda ndege ya Lufthansa na maili zako zikaandikwa United, Turkish Airlines au Ethiopian. Ndege ni ileile, ratiba ni ileile, kilichobadilika ni namba ya uanachama iliyowekwa kwenye tiketi. Ukilielewa hili, uamuzi unakuwa mwepesi zaidi, maana huachani na shirika linalokufikisha unakokwenda.

Sababu ya kuhangaika na hilo ni kwamba kila mpango una hesabu yake. American Airlines ya Marekani ilipoanzisha mpango wake wa AAdvantage mwaka 1981, na United, ya Marekani pia, ikafuata siku chache baadaye, kipimo kilikuwa umbali: aliyeruka mbali alipata nyingi. Mwaka 2015 United na Delta, shirika jingine la Marekani, ziliacha umbali zikaanza kuhesabu bei ya tiketi, na American ikafanya hivyo mwaka 2016. British Airways ilikwenda njia hiyo hata kwenye madaraja ya wanachama. Tangu Aprili 2025 mwanachama wake hupata pointi moja ya daraja kwa kila pauni inayostahili kuhesabiwa, na daraja la dhahabu likawekwa kwenye pointi 20,000.

Mabadiliko haya yamewagawa wasafiri wa kikazi makundi mawili. Yule ambaye kampuni yake humnunulia tiketi za daraja la biashara, au tiketi za ghafla zenye bei kubwa, amefaidika. Yule ambaye ofisi yake hutafuta tiketi ya bei ya chini kabisa ameumia, hata kama analala ndani ya ndege mara nyingi kuliko mwenzake. Kama wewe ni wa kundi hili la pili na bado umeng'ang'ania mpango unaohesabu fedha, nadhani unajidhulumu. Mingi ya mipango hiyo, inapofika kwenye ndege za mashirika washirika, bado huhesabu umbali pamoja na herufi ya tiketi, yaani herufi inayoonyesha aina ya bei iliyolipwa. Kwa hiyo safari ileile inaweza kukupa kidogo kwenye mpango wa shirika lililokubeba, na zaidi kwenye mpango wa mshirika wake.

Hiyo herufi ya tiketi inastahili dakika chache za umakini wako. Ndani ya daraja la kawaida kuna herufi nyingi, na kila moja ina bei na masharti yake. Abiria wawili wanaweza kuketi bega kwa bega, mmoja akapata maili kamili na mwingine robo, au asipate chochote, kwa kuwa mpango alioutaja hautambui herufi ya tiketi yake. Chukua tiketi zako za mwaka uliopita, soma herufi, kisha uzipitishe kwenye jedwali la kila mpango unaoufikiria. Ni kazi ya kuchosha. Lakini nimeona watu wakihama kwa sababu ya tangazo zuri la maili za makaribisho, kisha wakagundua kwamba tiketi ambazo ofisi yao hununua kila mara haziingizi chochote kule walikokwenda.

Halafu kuna hadhi, yaani daraja la uanachama linaloonyeshwa na kadi kama ile ya dhahabu. Kwa mtu anayesafiri kwa ajili ya kazi naiweka juu ya tiketi za bure, na kwa mbali. Ndege ikifutwa usiku na kikao kikiwa asubuhi, mwenye kadi ya juu ana laini yake ya simu, ana foleni fupi kwenye kaunta, na jina lake huwekwa mbele kwenye orodha ya wanaosubiri nafasi. Ongeza begi la ziada na ukumbi wa kupumzikia wenye meza ya kufanyia kazi. Hadhi hiyo husafiri nawe katika muungano mzima, na wakati mwingine huwafaa zaidi waliotoka nje. Mwenye kadi ya dhahabu ya Star Alliance aliyoipata kwa shirika lisilo la Marekani huruhusiwa kuingia kwenye kumbi za United hata akiwa kwenye safari ya ndani ya Marekani, ilhali mwanachama wa United mwenye daraja hilohilo haruhusiwi kwa kadi yake pekee. Anayezunguka sana ndani ya Marekani alipime jambo hili kwa makini.

Wapo wanaobaki mahali kwa sababu ya uaminifu, na ninauheshimu moyo huo. Ila wakumbuke kwamba sheria hutungwa na upande mmoja. Septemba 2023 Delta ilitangaza masharti mapya makali ya hadhi. Wateja walilalamika kwa nguvu, na mwezi uliofuata ikalegeza, kiwango cha daraja la juu kabisa kikashuka kutoka dola 35,000 za matumizi yanayohesabiwa hadi 28,000. Mwaka 2020, ndege zilipokuwa zimeegeshwa kwa sababu ya korona, United iliweka mpango wake wa maili kuwa dhamana ikapata dola bilioni 6.8, na Delta ikapata bilioni 9 kwa njia hiyohiyo. Mipango hii ni biashara kubwa inayojitegemea, na bei ya tiketi kwa maili hupandishwa pale biashara hiyo inapotaka. Ndiyo maana nasema maili zitumike. Kuzirundika kwa ajili ya safari ya ndoto ya baadaye ni kuweka akiba kwenye fedha ambayo mtu mwingine ana haki ya kuishusha thamani.

Hata muungano wenyewe hauna mkataba nawe. SAS, shirika la ndege la nchi za Skandinavia, ilikuwa miongoni mwa waanzilishi watano wa Star Alliance, na tarehe 1 Septemba 2024 ikahamia SkyTeam. LATAM ya Amerika Kusini iliondoka Oneworld mwaka 2020.

Hali za kubaki zipo. Ukikaribia hadhi ya maisha, ile isiyohitaji kutafutwa upya kila mwaka, baki umalizie. Kama mji unaotokea umeshikwa na shirika moja kwa safari nyingi za moja kwa moja, baki pia, kwani kuunganisha ndege kila wiki kwa ajili ya kadi ni kuuza saa za kulala.

Ukiamua kuondoka, ondoka ukiwa bado na hadhi mkononi. Mashirika kadhaa hukubali kumpa mgeni hadhi inayolingana na ile aliyonayo kwa mshindani, mara nyingi kwa miezi michache na kwa sharti la kuruka kiasi fulani. Lakini hutaka kadi ambayo haijaisha muda, na mengi hayampi mtu huyohuyo mara ya pili karibuni. Omba wakati ratiba yako imejaa safari, si katika miezi ya utulivu.

Kuna jambo lingine nisilotaka kulipita. Tiketi hizi hununuliwa na mwajiri. Kuchagua tiketi ghali au njia ndefu kwa kuwa inaingiza pointi ni kuchukua fedha isiyo yako, hata kama hakuna atakayeiona kwenye ripoti. Na waajiri nao waziache maili kwa msafiri, kwani jioni anazokosa kuwa na watoto wake hazilipwi na posho yoyote.

Mimi nimeamua kuhama, nikabaki ndani ya muungano uleule. Maili za zamani nazigeuza tiketi za familia mwaka huu. Namba mpya nimempa wakala anayetukatia tiketi ofisini na nimemwomba aifute ile ya zamani kwenye mfumo wake, kwa sababu safari ikishaandikwa kwenye mpango mmoja, kwa kawaida haihamishiki tena kwenda mwingine.