Puto lilitua, mwanga ukabaki

Julai 2020, maputo 35 yaliyokuwa yakielea kilomita 20 hivi juu ya ardhi yalianza kugawa intaneti ya 4G magharibi na katikati mwa Kenya. Iten, Baringo, Kakamega, Kericho, Narok: eneo lililokaribia kilomita za mraba 50,000. Kampuni ya Loon, iliyozaliwa katika maabara za X za Alphabet, kampuni mama ya Google, ilishirikiana na Telkom Kenya, na mwenye simu ya 4G yenye laini ya Telkom hakuhitaji kufunga chochote nyumbani. Januari 2021, kabla hata miezi saba haijatimia, Loon ilitangaza kwamba inafunga. Kufika mwanzoni mwa Machi huduma ya Kenya ilikuwa imekwisha.

Nimeanzia hapo kwa sababu tangu siku ile kila teknolojia mpya ya mtandao inapotoka maabara na kutua kwetu, mazungumzo hugawanyika palepale. Wako wanaosema tumepata njia ya kuruka miaka thelathini ya kuchimba mitaro na kulaza nyaya. Wengine husema tumegeuzwa uwanja wa majaribio, kampuni inajifunza kwetu kisha inafunga virago. Kila upande una ushahidi wake, na sitaki kuudharau wowote. Ila wote wawili, kwa maoni yangu, wanatazama juu mno. Mambo huamuliwa chini, kwenye mnara, kwenye umeme wa mnara na kwa fundi anayeupanda.

Tuwatendee haki waliounda maputo. Puto la Loon halikuwa na injini ya kulisukuma. Lilipanda na kushuka likitafuta upepo unaoelekea linakotaka kwenda, maana katika anga ile ya juu kila tabaka lina upepo wake. Nahodha wa jahazi alisubiri miezi ili kusi ipishane na kaskazi. Puto lilibadili kimo tu. Kwa njia hiyo maputo yaliyorushwa Puerto Rico na Nevada yalisafiri hadi juu ya Bonde la Ufa. Desemba 2020 watafiti wa Loon walichapisha katika jarida la Nature namna programu ya kompyuta ilivyojifunza yenyewe kuyaongoza, kwa kujaribu na kukosea, badala ya kuandikiwa kila hatua na binadamu. Puto moja lilikaa angani siku 312. Sayansi hiyo ilikuwa ya kweli, na mwenye kuiita maigizo anakosea.

Kilichokwama ni hesabu. Hata puto linalodumu lazima siku moja lishuke, na mahali pake lirushwe jingine. Ardhini, mtu anayeishi mbali na minara mara nyingi ndiye huyohuyo mwenye simu ya kitochi, isiyoweza kupokea 4G itoke angani au itoke kwenye mnara wa jirani. Mkuu wa Loon alikiri wakati wa kufunga kwamba hawakupata njia ya kushusha gharama kiasi cha kujenga biashara itakayodumu. Kwa hiyo wanaosema tulijaribiwa wana hoja: aliyekuwa ameanza kupanga masomo au biashara yake juu ya mtandao ule hakuulizwa.

Lakini hadithi haikuishia hapo, na ndiyo maana siwezi kukaa kambi ya pili. Maputo yalipokuwa angani yalilazimika kupashana data yenyewe kwa yenyewe, na wahandisi walitumia miale ya mwanga kufanya hivyo. Maputo yalipoondoka, mwanga ule uliletwa chini. Ndio mradi uitwao Taara: kisanduku kimoja juu ya mnara huu, cha pili juu ya mnara ule, na katikati mwale mwembamba usioonekana kwa macho unaobeba hadi gigabiti 20 kwa sekunde kwa umbali wa hadi kilomita 20. Ni kazi ileile ya faiba, mwanga kubeba taarifa, ila hapa hakuna uzi wa kioo.

Mahali ulipojipambanua ni mto Kongo. Kinshasa na Brazzaville hutazamana. Mtu wa upande mmoja huona taa za upande wa pili. Hata hivyo, ili faiba iunganishe miji hiyo, ilibidi izunguke zaidi ya kilomita 400, kwa kuwa mto ule una kina kirefu na mkondo mkali. Gharama ya kuunganishwa upande wa Kinshasa ikawa mara tano. Mwaka 2021 Taara na kampuni ya mtandao ya Liquid walivusha mwale juu ya maji, kilomita 4.8 tu. Katika siku 20 ulipitisha takriban terabaiti 700, ukiwa hai kwa asilimia 99.9 ya muda.

Asilimia hiyo inahitaji kusomwa kwa makini. Sehemu iliyobaki, moja katika elfu, ndani ya siku 20 ni kama nusu saa ya kukatika. Kwa anayetazama video hiyo si kitu. Kwa hospitali inayotuma picha za wagonjwa, au kwa wakala wa fedha aliye na foleni dirishani, nusu saa inaweza kuangukia pabaya. Na mwanga una adui ambao waya hauwajui: ukungu, vumbi la kiangazi, mvua kubwa, ndege anayekatiza. Vioo vya ndani hujirekebisha mnara unapoyumba, na nguvu ya mwale hupandishwa hali inapochafuka, lakini ukungu mzito ni ukungu mzito. Katika nyanda za juu zenye ukungu wa kila asubuhi, mimi nisingeukubali mwale peke yake. Ningetaka njia ya akiba ya mawimbi ya redio pembeni.

Hata pamoja na udhaifu huo, naona hapa jambo ambalo puto halikuwa nalo. Kisanduku kinapanda juu ya mnara uliopo, kinaunganishwa na faiba iliyopo, na kampuni inayokitumia ni ileile inayohudumia eneo hilo. Kikiharibika, kuna njia ya kukifikia.

Sasa setilaiti, maana ndizo zinazozungumzwa zaidi. Starlink, huduma ya intaneti ya setilaiti ya kampuni ya SpaceX, ilifungua huduma Kenya Julai 2023, miezi michache baada ya Rwanda. Zile za zamani hukaa karibu kilomita 36,000 juu, na data hutumia zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi, kiasi kwamba mazungumzo ya sauti yanapishana. Hizi mpya huzunguka kwa kilomita 550 hivi. Umbali umepungua, kusubiri kumepungua, na mwalimu wa Marsabit anaweza kufundisha kwa video bila kungoja mtu yeyote achimbe mtaro. Wanaozishangilia wana sababu nyingine nzito. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya intaneti iliyolazwa baharini, EASSy na Seacom, ilikatika, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, zikakaa na intaneti ya kubahatisha. Aliyekuwa na dishi siku ile aliendelea na kazi zake.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba setilaiti inagawa masafa yake ya redio kwa eneo. Watu wakizidi ndani ya duara moja, kila mmoja anapata kidogo, na huwezi kuongeza uwezo wa duara hilo kama unavyoongeza mnara mtaani. Mwishoni mwa 2024 Starlink ilisimamisha wateja wapya Nairobi na kaunti jirani kwa sababu nafasi ilijaa. Kifizikia teknolojia hii inawafaa wanaoishi kwa kutawanyika, na kwa bei inawafikia wanaoishi mjini, kwani kifaa chake mwaka 2024 kilikuwa karibu shilingi 45,000 za Kenya. Kwa mfugaji hiyo ni bei ya mbuzi kadhaa. Shule au zahanati ikinunua kwa niaba ya kijiji, hesabu inabadilika kabisa, na hapo ndipo ningependa kuona fedha za umma zikielekezwa.

Julai 2024 Safaricom iliiandikia Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ikitaka kampuni za setilaiti zipewe leseni kwa kushirikiana na kampuni za ndani. Wengi walisema ni woga wa ushindani, na woga ulikuwepo. Nisingependa mteja afungiwe mlango ili mkubwa wa soko apumue. Lakini ndani ya barua hiyo kuna swali halali: huduma ikikatwa kutoka mbali, kwa uamuzi wa mtu mmoja au serikali moja, nani atawajibika mbele ya nani? Kujibu hilo hakuhitaji kulazimisha ubia. Kunahitaji leseni yenye meno.

Takwimu za GSMA, chama cha kampuni za simu duniani, za mwaka 2023 kuhusu Afrika kusini mwa Sahara zinanirudisha nilikoanzia. Asilimia 27 ya watu walikuwa wakitumia intaneti ya simu. Asilimia 13 hawakuwa na mtandao kabisa pale wanapoishi. Asilimia 60 waliobaki waliishi ndani ya eneo lenye mtandao na hawakuutumia. Maputo, miale na dishi zote zinapigania kwanza wale 13. Wale 60 wamezuiwa na bei ya simu janja, bei ya bando, na kukosa yaliyomo kwa lugha wanayoisoma. Hakuna kimo cha kurusha kitu kitakachowafikia.

Sisemi basi maabara ziachwe. Hao 13 ni mamilioni ya watu, na mnara wa kawaida haujengwi kwao bila ruzuku. Ndiyo sababu Tanzania ilisaini mikataba ya minara 758 ya vijijini Mei 2023. Mnara huo ukishasimama unahitaji njia nene ya kurudisha data mjini, na pale faiba isipofika, mwale wa Taara au setilaiti ndiyo inayougeuza kutoka mnara wa kupiga simu kuwa mnara wa intaneti. Hapo ndipo mambo ya zamani na mapya yanahitajiana.

Machi 2025 Taara ilitoka chini ya Alphabet na kuwa kampuni huru. Inaweza kustawi, inaweza kufa kama Loon. Ningekuwa mezani na wanaotoa leseni, ningeomba mambo matatu yaandikwe kabla kisanduku cha kwanza hakijapandishwa: vipuri viwekwe humu nchini, mafundi wetu wafundishwe kulenga na kutengeneza, na notisi ya kuondoka iwe ya mwaka mzima, si ya wiki sita.