Tiketi Ikiuzwa Mara Mbili, Nani Apate Tofauti ya Bei?

Tarehe 8 Desemba 2014, mauzo ya tiketi za onyesho la bendi ya U2 katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, yalipofunguliwa, mlanguzi mmoja alizoa tiketi 1,012 ndani ya dakika moja. Ukomo uliotangazwa ulikuwa tiketi nne kwa mteja. Takwimu hiyo imo katika ripoti ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York ya Januari 2016, na hutajwa karibu kila mjadala wa ulanguzi unapozuka. Ripoti hiyohiyo ina takwimu nyingine isiyotajwa sana, nami naiona nzito zaidi. Katika matamasha makubwa yaliyochunguzwa, kwa wastani asilimia 46 tu ya tiketi zilifika kwenye mauzo ya wazi. Asilimia 38 ziliuzwa mapema kwa wenye kadi za benki fulani na wanachama wa vilabu vya mashabiki, na asilimia 16 ziliwekwa kando kwa ajili ya ukumbi, msanii, promota na watu wao. Kwa hiyo shabiki na mlanguzi walikuwa wakigombea chini ya nusu ya ukumbi.

Ukomo wa tiketi nne huvunjika kirahisi kwa sababu mfumo hauhesabu watu, unahesabu akaunti. Mlanguzi mkubwa ana mamia ya akaunti. Kila moja ina barua pepe yake, namba ya simu ya kupokelea msimbo wa uthibitisho, kadi yenye namba tofauti ingawa zote huchota fedha mahali pamoja, na anwani ya intaneti ya kukodi inayoonekana kama ya nyumba ya mtu wa kawaida. Tovuti nyingi hupanga foleni kwa bahati nasibu dakika mauzo yanapoanza, kwa hiyo kuwahi saa mbili kabla hakusaidii kitu. Mwenye akaunti 500 amenunua nafasi 500 za bahati. Akishaingia, programu yake huweka viti kwenye kapu, na kapu huvishikilia kwa dakika kadhaa. Asipopenda mahali vilipo, huviachia na kuvidaka tena kwa akaunti nyingine. Wakati wote huo viti huonekana vimekwisha. Ndiyo maana viti viwili vitatu huibuka robo saa baada ya tangazo la kwamba tiketi zimeisha, na anayeendelea kujaribu wakati huo ana nafasi kuliko aliyekata tamaa mapema.

Marekani ilipiga marufuku programu hizo kwa sheria ya BOTS iliyosainiwa Desemba 2016. Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, iliitumia kwa mara ya kwanza Januari 2021, dhidi ya kampuni tatu za New York zilizodaiwa kununua tiketi zaidi ya 150,000. Adhabu ilizidi dola milioni 31, kisha ikapunguzwa hadi milioni 3.7 kwa kuwa wahusika hawakuwa na uwezo wa kulipa zote. Miaka minne bila kesi hata moja si uzembe mtupu. Kuthibitisha kwamba ununuzi ulifanywa na programu, si na vijana 50 waliokodiwa kubofya, ni kazi ngumu, na kumbukumbu za mfumo ziko mikononi mwa muuzaji wa tiketi.

Wanaotetea soko la marudio, yaani uuzaji wa tiketi zilizokwisha kununuliwa, wana hoja ambazo haifai kuzipuuza. Msanii huweka bei chini ya ile ambayo ukumbi uliojaa ungeweza kulipa, na hufanya hivyo kwa makusudi: anataka vijana waliochangamka mbele ya jukwaa, anauza fulana na vinywaji, na hapendi kuitwa mchoyo. Bei ikiwa chini ya uhitaji, tiketi lazima zigawanywe kwa njia nyingine, iwe foleni, bahati nasibu au kujuana. Soko la marudio humpa nafasi daktari aliyekuwa zamu mauzo yalipofunguliwa, na humrudishia fedha aliyepata msiba wiki ya tamasha. Mlanguzi naye hubeba hatari. Onyesho la Jumanne katika mji wa pili wa ziara mara nyingi hushindwa kujaa, na kwa kuwa tiketi haina thamani baada ya onyesho, bei huporomoka saa 48 za mwisho, pengine chini ya bei ya awali. Wengi wanaouza si walanguzi hata kidogo. Ni watu walionunua nne na kuhitaji mbili.

Hata hivyo hoja hiyo ina shimo. Wachumi Phillip Leslie na Alan Sorensen, katika utafiti wa matamasha ya roki uliochapishwa mwaka 2014, waligundua kwamba uuzaji wa marudio kweli hupeleka tiketi kwa wanaozithamini zaidi, lakini theluthi ya faida hiyo humezwa na gharama za kugombea tiketi za awali na za kufanya biashara yenyewe. Yaani akaunti, programu na namba za simu nilizozieleza hapo juu zina gharama, na haziongezi hata kiti kimoja ukumbini. Tena, kuthamini kunakopimwa kwa fedha hakutenganishi aliye tayari kulipa na aliye na uwezo wa kulipa. Msanii alipopunguza bei alikuwa akitoa zawadi kwa mashabiki wake. Mlanguzi huichukua zawadi hiyo njiani na kuiuza, nami sioni hoja ya uchumi inayomfanya awe na haki nayo.

Njia mojawapo ya kumzuia mlanguzi ni promota kupandisha bei mwenyewe. Mwanamuziki wa Marekani Bruce Springsteen alijaribu mwaka 2022, na baadhi ya tiketi zilifika dola 5,000. Bendi ya Uingereza ya Oasis ilipotangaza kurudi mwaka 2024, mashabiki waliosubiri saa nyingi walikuta tiketi za kusimama zimepanda kutoka takriban pauni 150 hadi zaidi ya 350. Wengi waliamini kompyuta ilikuwa ikibadilisha bei papo kwa papo. Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya Uingereza ilipochunguza ilikuta jambo lililo rahisi zaidi: fungu la bei ya chini liliisha, likafunguliwa la bei ya juu, na waliokuwa kwenye foleni hawakuambiwa mapema. Hapo shabiki ameruka majivu akakanyaga moto. Tofauti iliyopo ni kwamba fedha humfikia aliyetunga na kuimba, na hilo si dogo, ila bei ya kila fungu na idadi ya tiketi zake vingepaswa kutangazwa kabla ya foleni kuanza.

Njia ya pili ni ukomo wa bei ya kuuza tena. Ireland ilipitisha sheria mwaka 2021 inayokataza kuuza kwa zaidi ya bei ya awali katika kumbi zenye uwezo wa watu 1,000 na kuendelea. Japani, tangu Juni 2019, hutoza faini hadi yeni milioni moja au kifungo kisichozidi mwaka. Tatizo hujitokeza pale sheria inapofunga soko la wazi bila kufungua njia halali ya kurudisha tiketi. Wauzaji huhamia kwenye makundi ya mitandao ya kijamii, ambako picha moja ya tiketi huuzwa kwa watu watano na wanne wakarudishwa langoni. Msimbo unaobadilika kila baada ya sekunde chache kwenye simu huzuia hila hiyo, mradi mnunuzi adai tiketi ihamishiwe kwenye akaunti yake badala ya kukubali picha.

Njia ya tatu ni kufunga tiketi na jina. Tiketi za tamasha la Glastonbury la Uingereza hubeba picha ya mnunuzi, na asiyekwenda huzirudisha kwa mwandaaji ziuzwe upya. Tamasha linaloingiza watu kwa siku kadhaa linamudu hilo. Ukumbi wa watu 20,000 ni habari nyingine: sekunde 15 za ziada kwa kila mtu ni zaidi ya saa 83 za kazi, na hata kwa milango 40 foleni inarefuka kwa saa mbili. Mwaka 2023 bendi ya The Cure ilizuia tiketi zake zisihamishwe, lakini New York, Illinois na Colorado ziliachwa nje kwa kuwa sheria za majimbo hayo hulinda haki ya kuhamisha tiketi.

Kwangu ukomo wa bei pamoja na dirisha rasmi la kurudishia tiketi ndio mchanganyiko wenye madhara madogo, lakini uanze na kutangaza idadi. China iliamua mwaka 2023 kwamba katika matamasha ya watu zaidi ya 5,000, angalau asilimia 85 ya tiketi ziuzwe hadharani, na kwa majina halisi. Kanuni hiyo inagusa zile asilimia 54 (38 na 16) za ripoti ya New York, ambazo sheria ya BOTS haizisemi kabisa.

Inabaki ada. Chukua mfano wa tiketi ya 100 inayouzwa tena kwa 300, tovuti ikikata asilimia 10 kwa muuzaji na 20 kwa mnunuzi: inapata 90. Ikiuzwa tena kwa 100 ileile, inapata 30. Kampuni inayouza tiketi mara ya kwanza na pia kumiliki soko la marudio ina sababu ndogo sana ya kuwasaka walanguzi. FTC iliishtaki Ticketmaster Septemba 2025 kwa madai ya kuwafumbia macho. Mpango ambao Uingereza iliutangaza Novemba 2025 unaweka ukomo kwa bei na kwa ada ya tovuti pia, unamzuia mtu kuuza tiketi nyingi kuliko alizoruhusiwa kununua, na unaitwika tovuti yenyewe jukumu la kuhakikisha hayo, kwa faini inayoweza kufika asilimia 10 ya mapato yake ya dunia nzima.