Jedwali la HTML linaanzia kwenye th, sio kwenye border

Mafunzo mengi ya HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, yakifika kwenye majedwali kitu cha kwanza unachoambiwa ni weka border="1" ili mistari ionekane, afu ukiona viboksi vimejipanga unapigiwa makofi, umemaliza, twende kwenye fomu. Mimi hapo huwa nakwazika kweli. Kwanza hiyo atributi (maelekezo unayoongezea kipande cha HTML) ilishapitwa na wakati, pamoja na ndugu zake bgcolor, cellpadding na cellspacing, brauza bado zinazikubali ila siku hizi kazi hiyo ni ya CSS, lugha ya kupamba ukurasa. Pili, na hili ndio kubwa, mistari sio jedwali. Jedwali ni vichwa, yaani kila seli ijulikane ni habari ya nini na ya nani.

Angalia hili dogo:

<table>
  <caption>Miezi ya sayari</caption>
  <tr><th scope="col">Sayari</th><th scope="col">Miezi</th></tr>
  <tr><th scope="row">Dunia</th><td>1</td></tr>
  <tr><th scope="row">Mirihi</th><td>2</td></tr>
</table>

Hapo tr ni mstari, td ni seli ya kawaida, th ni seli ya kichwa, na scope inasema kichwa hicho ni cha kolamu (col) au cha mstari (row). Sasa mtu anasema mbona nikiweka td afu ndani nikapiga b naona maandishi mazito vilevile, tofauti iko wapi? Kwa macho hamna tofauti ya maana. Ila asiyeona anatumia programu inayomsomea skrini, na akifika kwenye ile 2, kama umeweka th na scope anaweza kusomewa kwamba hiyo ni Mirihi, kolamu ya miezi. Ukiweka td tupu anasikia "mbili" basi, mbili ya nini hajui, na kwenye jedwali la mistari arobaini huyo mtu umeshampoteza kabisa. Caption nayo usiidharau, ndio jina la jedwali lenyewe, na lazima ikae ya kwanza kabisa ndani ya table.

Kitu kingine kinachowachanganya wanaoanza ni kwamba HTML inajenga mstari kwa mstari tu, seli huziweki ndani ya kolamu. Kolamu inatokea yenyewe seli zikipangana juu na chini, kwa hiyo mstari mmoja ukiwa na seli tatu na mwingine mbili brauza haitalalamika popote, itakuachia tu pengo pembeni na wewe utahangaika na CSS wakati shida ni td moja uliyosahau. Ukiingiza rowspan="2", yaani seli moja ikalie mistari miwili, ndio usiseme, maana mstari unaofuata inabidi upunguze seli moja, nafasi yake imeshakaliwa na ile ya juu. Maoni yangu, ukijikuta una colspan (seli moja kukalia kolamu kadhaa) na rowspan kila kona, hayo ni majedwali mawili umeyabana kwenye moja, yatenganishe.

Na hili la tbody, ile sehemu ya table inayobeba mistari: hata usipoiandika brauza inaiweka yenyewe. Ndio maana ukiandika table > tr kwenye CSS, yaani tr iliyo moja kwa moja ndani ya table, hakuna kinachobadilika na unabaki unaitolea macho skrini.

Afu kuna wale wa "majedwali ni ya kizamani, tumia div", yaani kiboksi tupu kisicho na maana yake chenyewe. Hapana asee. Hiyo kauli ina historia yake. Miaka ya tisini, HTML 3.2 ya 1997 ilipoyaweka majedwali rasmi, CSS ilikuwa bado changa, watu wakawa wanapanga ukurasa mzima kwa table ndani ya table ndani ya table, na vipicha vya pikseli moja visivyoonekana vya kusukumia nafasi. Hiyo ndiyo iliyokatazwa, na ni sawa, maana sasa kupanga ukurasa kuna flexbox na grid za CSS (barua pepe ndio bado zinang'ang'ania table, sababu programu nyingine za kusomea barua CSS yao ni ya kubahatisha). Ila data yenye mistari na kolamu ukiijenga kwa div unatupa kila kitu ambacho table ingekupa bure, afu unaanza kukitengeneza upya kwa mkono, sijui kwa faida gani.

Urembo uje mwishoni. border-collapse: collapse ili mistari isiwe miwilimiwili, padding (nafasi ya ndani) kidogo kwenye th na td, namba zivutie kulia kwa text-align: right ili makumi yakae chini ya makumi. Kwa simu, jedwali pana lifungie ndani ya div yenye overflow-x: auto, msomaji alisukume kwa kidole jedwali peke yake bila ukurasa mzima kuyumba.