M1911A1 iliyochujuka: kuitia rangi upya au kuiacha na alama zake

Bastola za M1911A1, za jeshi la Marekani, zilizobaki mikononi mwa raia wa nchi hiyo zinaonyesha kwamba zilitengenezwa kwa ajili ya vita. Ncha ya slaidi, kile chuma cha juu kinachokwenda mbele na nyuma, imekuwa nyeupe kwa kusuguana na mkoba wa ngozi, kingo zinang'aa, na pale kiganja kinaposhika pana madoa ya hudhurungi. Mwenye nayo huanza kuwaza kuipeleka kwa fundi. Kwanza atenganishe mambo mawili yanayochanganywa sana: rangi iliyochakaa na chuma kinacholiwa. Rangi ikichakaa, kinachopungua ni sura. Kutu ni ugonjwa unaoendelea.

Kupima si kazi ngumu. Toa magazini, vuta slaidi, hakikisha kwa jicho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu. Paka mafuta mepesi penye wekundu, kisha sugua taratibu kwa stiliwaya laini kabisa, ile ya daraja 0000. Wekundu ukitoka na chini yake kukabaki weusi au kijivu laini, chuma ni kizima. Ukucha ukinasa kwenye vishimo, kutu imeshakula, na hapo hoja ya kuifanya upya inapata uzito.

Hoja yenyewe ni ya kweli. Chuma cha kaboni kikiwa uchi hushika kutu hata kwa jasho la mkono. Bastola inayobebwa kila siku inahitaji ganda la kuilinda, na M1911A1 nyingi za Vita vya Pili zilitoka kiwandani na fosfeti: chuma huchovywa katika maji ya asidi ya fosforasi yaliyokaribia nyuzi 90 za Selsiasi, kikatoka na ganda la kijivu lenye vinyweleo vinavyoshika mafuta. Bluu ya moto, ile rangi nyeusi-buluu inayopikwa kwa kostiki na chumvi za naitreti kwenye nyuzi 135 hadi 150, hupendeza zaidi, lakini ganda lake halifiki mikroni 3 na bila mafuta halilindi sana. Rangi ya kauri kama Cerakote huzuia kutu kuliko hizo mbili. Tatizo lake ni unene, takriban mikroni 25: ikipakwa kwenye reli za slaidi iliyobana, slaidi itakwama.

Kinachoharibu bastola za kale, hata hivyo, mara nyingi si dawa. Ni ung'arishaji unaotangulia. Bluu haifichi mkwaruzo, kwa hiyo fundi mwenye haraka huiweka bastola kwenye gurudumu la kitambaa. Kingo zinakuwa duara, matundu ya pini yanapanuka midomo kama visahani, na maandishi ya UNITED STATES PROPERTY yanafifia. Alama ndogo ya mkaguzi kama FJA, inayoonekana kwenye bastola za kampuni za Remington Rand na Ithaca, inaweza kutoweka kabisa. Namba ya silaha ikiguswa, suala linaacha kuwa la urembo: sheria ya shirikisho inakataza kumiliki silaha ambayo namba yake imefutwa au kubadilishwa.

Chuma kilichoondoka hakirudi, ndiyo maana wakusanyaji huitaka rangi ya asili hata ikiwa imebaki robo. Kampuni ya Singer ilitengeneza bastola 500 tu, mwaka 1941, na kuing'arisha moja yake ni hasara isiyofidika. Remington Rand ilitengeneza karibu 900,000, lakini hata hizo hushuka bei zikipakwa upya, mara nyingi kwa kiasi kinachozidi malipo ya fundi. Zilizokarabatiwa na jeshi baada ya vita, zenye mhuri wa karakana za jeshi kama RIA (Rock Island) au AA (Augusta), watu huzihesabu kuwa zimeshapoteza uasili. Sikubaliani nao: ukarabati ule ni sehemu ya utumishi wa silaha. Ninayoiona huru kufanywa upya ni ile ambayo fundi wa mtaani alishaikwangua zamani.

Kwa nyingine zenye kutu nyepesi, chemsha. Ondoa vibamba vya mpini na springi, safisha mafuta kwa asetoni, kisha chemsha slaidi na fremu kwa nusu saa katika maji yaliyotoneshwa. Ya bomba huacha madoa ya chokaa. Kutu nyekundu hugeuka nyeusi na kuacha kula. Sugua kwa stiliwaya, rudia mpaka weusi usitoke tena, kausha chuma kikingali moto, paka mafuta. Rangi iliyokwisha haitarudi. Dawa ya bluu ya baridi, ile ya chupani inayopakwa bila kupikwa, usiiguse: hufubaa, huchubuka upesi, na doa lake hujulikana mara moja.

Ukiamua kufanya upya, muulize fundi kama husugua kwa mkono, msasa ukiwa umezungushiwa kibao bapa. Hakikisha kifyatulio si cha alumini, kwani vingi vya kubadilishia ni vya alumini na kostiki huviyeyusha. Saiti (kilengeo) iliyolehemiwa kwa madini ya risasi na bati nayo itabanduka. Bastola ikirudi, chunguza chini ya saiti na kandokando ya kile kibomba chembamba kilichogongomewa ubavuni mwa fremu, kwa sababu chumvi hujificha humo. Unga mweupe ukichomoza wiki chache baadaye, ichemshwe tena kwa maji safi kabla haujaanza kula chuma.