Mstari unaolingana mno na kipimo

Kila ninapoonyeshwa mchoro wa mkondo wa umeme unaopita katika molekuli moja, ambamo mstari wa hesabu umelala juu ya alama za majaribio bila kuachana hata unywele, huanza kushuku kabla ya kupongeza. Katika fani hii hesabu inaweza kulingana na kipimo kwa sababu makosa mawili yamefutana.

Kisa cha molekuli ya benzini (pete ya atomi sita za kaboni) iliyofungwa kwenye dhahabu kwa atomi za salfa kinatosha kueleza wasiwasi wangu. Mwaka 1997 Mark Reed na wenzake walipinda uzi mwembamba wa dhahabu mpaka ukakatika, kisha wakazisogeza ncha zake hadi pengo la takriban nanomita 0.8, na ukinzani walioupata ulikuwa kama megaomu 22. Mwaka 2000 Di Ventra, Pantelides na Lang walikokotoa mkondo wa molekuli hiyo hiyo. Umbo la mchoro wao lilifanana na la maabara, lakini mkondo wenyewe ulizidi kwa zaidi ya mara 100. Lawama zilirushwa kwa wanahesabu. Kisha mwaka 2004 Xiao, Xu na Tao walirudia kipimo kwa kugusanisha na kuachanisha ncha za dhahabu mara nyingi sana, wakapata upitishaji wa 0.011 ya kwanta ya upitishaji (upitishaji wa njia moja iliyo wazi kabisa kwa elektroni), yaani megaomu 1.2 hivi. Sasa mwanahesabu alinganishe mstari wake na kipimo kipi?

Kwa maoni yangu, swali la kwanza ni la nishati mbili. Moja hutokana na jinsi molekuli ilivyoshikamana na metali, maana ndiyo inayoamua elektroni itakaa ndani kwa muda gani kabla ya kutoka. Ya pili ni gharama ya kuongeza elektroni nyingine ndani ya molekuli ile ile. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Elektroni mbili hukaa, ila kuna wa kulipia ua. Mshikamano ukiwa mkubwa kuliko gharama hiyo, elektroni hupita kama wimbi, na kanuni ya Landauer, inayokokotoa mkondo kutokana na uwezekano wa wimbi hilo kupenya, inatosha. Gharama ikizidi, molekuli inakuwa nukta kwanta halisi: elektroni huingia, huketi, hutoka, na inayofuata husubiri zamu yake mlangoni. Hapo hesabu ya wimbi huru inapotosha, hata ikifanywa kwa kompyuta ya gharama kiasi gani.

Programu tunazozitumia sana huhesabu elektroni kana kwamba kila moja inajisukuma yenyewe kwa kiasi fulani, kwa hiyo pengo la nishati kati ya obiti (makao ya elektroni katika molekuli) zilizojaa na zilizo tupu hutoka dogo mno, na mkondo hutoka mkubwa mno. Si dawa kulipanua pengo hilo kwa kutazama molekuli ikiwa peke yake. Metali, au kitu kingine kinachopitisha umeme, ikiwa jirani nayo hulipunguza: Neaton, Hybertsen na Louie walionyesha mwaka 2006 kwamba pengo la benzini iliyolala juu ya grafiti hupungua kwa takriban elektrovolti 3 (elektrovolti ni kipimo cha nishati).

Ndiyo maana nawasihi wanafunzi waanze na kalamu: ngazi moja ya nishati, elektrodi mbili (zile ncha za metali), nishati zile mbili, na nishati ya joto la chumba, ambayo ni milielektrovolti 25 hivi. Nusu ukurasa huo utawaambia ni programu ipi inayofaa, au kama ipo.

Mimi mwenyewe nilichelewa kuutii ushauri huu. Nilikuwa na mstari uliolingana vizuri na kipimo, salfa ikiwa imekaa katikati ya atomi tatu za dhahabu. Nikaihamishia juu ya atomi moja, jambo ambalo maabara haiwezi kulizuia, na ulinganifu wote ukatoweka. Ule mchoro wa kwanza niliuweka kwenye makala. Wa pili bado umo kwenye kompyuta yangu.